Imebaki Cheti Tu

Salome, mama,

Marahaba. Naitikia kabla hujasema, maana ungekuwa hapa ungeanza na shikamoo hata siku zile tulizokuwa tumenuniana. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mama yako alisema tumwite mtu wa kuniandikia, nikakataa. Darasa la tatu nililoishia mimi lilikuwa darasa la tatu kweli, tulichapwa mpaka herufi zikaingia. Zangu zinapanda na kushuka kama barabara ya Sekenke, lakini zinafika.

Nina hasira na wewe, mwanangu. Nilitaka kuanza na maneno mazuri, kwamba tunakukumbuka, kwamba umetuachia pengo, yale yanayosomwa msibani. Yatakuja. Kwanza hasira.

Siku ile ulipokaa na kompyuta kwa mara ya mwisho, mgongo umeegemea ukuta na kifua kinapiga filimbi, ulinitazama ukasema, "Baba, kazi imekwisha. Imebaki cheti tu." Ukafunga kompyuta. Ukasema utamalizia kesho ukipata nguvu. Hukuzipata. Na mimi tangu mavuno ya alizeti mpaka mvua hizi nimeishi na hiyo "tu" yako kama mtu mwenye kokoto kwenye kiatu. Cheti tu! Ungejua hicho cheti kimenifanya nini, hata huko ulipo ungeomba radhi.

Usije ukasema sikuelewa kazi yako. Niliielewa. Mama yako alipoteleza uani akavunjika nyonga, akawa mtu wa kitandani, kilichomuuma kuliko nyonga ni kukosa kanisa. Wewe ulikuwa umerudi kutoka Dodoma na ugonjwa wako, na kazi yako kule ilikuwa hiyohiyo ya kurusha picha kwenye mitandao. Ukasema utamletea kanisa chumbani, bila bando, bila kumlipa mtu. Ukafunga ruta moja hapa nyumbani na nyingine kanisani, antena mbili zikitazamana juu ya mapaa. Nani alizilenga? Mimi. Wewe ulikuwa chini na simu ya kupimia unapiga kelele, "Kushoto baba, kushoto kidogo," mimi nikakwambia nyamaza, upepo wa hapa naujua, nikazilenga kwa jicho. Ulipopima ukacheka. Kwa hiyo nusu ya mtambo ule ni wangu, na kijijini nimewaambia.

Kompyuta yako ndiyo iliyokuwa kituo, katikati. Simu iliyoko kanisani inafungua ukurasa wako, inachukua picha na sauti, inarusha. Simu ya mama yako inafungua ukurasa huohuo pale kitandani, anaona. Na ukamwekea kitufe chekundu, akibonyeza na yeye anasikika kule, ili aitikie Amina kama mtu mwingine. Pale kwenye kompyuta yenyewe kila kitu kilikubali. Ulijirusha, ukajiona, ukajipungia mkono. Lakini tukishika simu, tukifungua ile anwani ya manamba, simu inagoma kutoa kamera. Nikakuuliza inakuwaje yenyewe inapata na jirani yake hapati. Ukasema, "Mtu ndani ya nyumba yake haulizwi, baba. Akitoka nje ndiyo anaulizwa kitambulisho." Basi hicho kitambulisho ndicho cheti. Na ukaenda zako bila kukiacha.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita tulikusimikia msalaba.

Nakueleza yote, tulia. Tulipanga siku, mama yako akisikia kutoka chumbani. Baadaye aliponiita nimgeuze ubavu, ndipo akasema huku anatazama ukutani: "Siku anazikwa waliita mama mzazi aje aweke shada, akaitikia shangazi yake. Safari hii wakiita mama mzazi nataka niitike mimi." Unamjua mama yako, akisema mara moja ndiyo imetoka.

Baba yako mdogo Petro, ambaye kila jambo ana jibu lake, akasema tumbebe na kitanda. Tulijaribu kumwinua, akapiga ukelele, tukamrudisha. Petro akasema basi, nirekodi kwa simu nije nimwonyeshe. Mama yako akamjibu kutoka chumbani, "Ya kurekodi nitamwitikia nani, shemeji? Nitaitikia jana?"

Ndipo nikaifungua kompyuta yako. Salome, mimi ni fundi. Redio za Sepuka yote hii, na za kule Ikungi zilizoshindikana, zimepita mikononi mwangu. Nikajua cheti ni kazi ya asubuhi moja. Nikampigia mwenzako wa kazini, Dorcas, yule aliyelia msibani mpaka akapoteza kiatu. Akaanza na shikamoo, mtoto wa watu amelelewa. Akasema, "Baba, vyeti vya TLS kwa mtambo wa ndani kama huu vina njia mbili. Kuna fupi na kuna ndefu." Hizo herufi tatu anazitamka kama sala. Nikamwambia nipe fupi.

Njia fupi ni kompyuta kujiandikia cheti yenyewe na kujisainia yenyewe. Dorcas ananisomea herufi, mimi natafuta.

"Mstari mdogo, baba."

"Mstari mdogo uko wapi?"

"Juu kulia, jirani na sifuri."

"Huu mrefu?"

"Si huo mrefu, baba, huo wa chini yake, ungepata huo tungeshamaliza."

Tukamaliza. Nikachukua simu kwa majivuno, nikafungua ukurasa. Ikaniandikia kwa herufi kubwa, muunganisho wako si wa faragha. Yaani nimeshika simu yangu, nimesimama kwenye nyumba yangu, naingia kwenye kompyuta ya mwanangu, halafu inaniambia huenda kuna mtu anataka kuniibia! Nikatafuta pale chini penye maandishi madogo, nikabonyeza endelea, nikalazimisha. Ukurasa ukafunguka. Kamera ikawaka. Nikapiga vigelegele, mwanaume mzima. Lakini kwa mama yako kule kitandani kikawa kile kiduara kinachozunguka, kinazunguka, picha haiji.

Dorcas akasema picha inapita mlango mwingine. Ule wa kwanza nimelazimisha kwa kidole, ila huo wa pili hakuna mtu amesimama pale wa kubonyeza endelea, kwa hiyo unafungwa kimyakimya. Nikamuuliza, sasa simu inataka nini? Akasema, "Baba, ni kama mgeni ameingia kijijini anajitambulisha mwenyewe. Anaweza kuwa mtu mzuri. Lakini mwenyekiti wa kitongoji atamuuliza, nani hapa anakufahamu?" Nikamwambia mimi nimezaliwa hapa, wazazi wangu wamelala hapa, mwenyekiti wa kitongoji nilimbeba mgongoni akiwa na surua. Nani asiyenifahamu? Akacheka mpaka akakohoa. "Simu haikufahamu, baba."

Nilikata simu. Nikaenda shambani nikalima kwa hasira mpaka jembe likachomoka mpini.

Niliporudi tukafuata njia ndefu. Kwenye kompyuta tukatengeneza kwanza mkubwa wa kuaminika, halafu huyo mkubwa akakisainia cheti cha ile anwani ya manamba, halafu faili la mkubwa likapelekwa kwenye kila simu, likawekwa ndani kabisa kwenye mipangilio, ili simu ikiulizwa nani anamfahamu huyu iseme namfahamu aliyemdhamini. Kompyuta ikauliza, mkubwa huyu anaitwa nani? Dorcas akasema weka jina lolote. Lolote! Nikaandika MAMLAKA YA MZEE ELIA SEPUKA. Kwa hiyo ujue, mama, baba yako sasa hivi ni mamlaka. Petro nimemwonyesha.

Simu nazo hazikukubali kirahisi. Ya kwangu ikataka kwanza niweke namba ya siri, mimi ambaye sijaificha simu yangu maisha yangu yote. Ya mama yako ilipomaliza kupokea ikatoa onyo kwamba mtandao wake unaweza kuwa unafuatiliwa. Akaninyooshea simu. "Baba Salome, uzee huu ndiyo umeanza kunichunguza?" Nikamwambia hiyo ni mimi, mamlaka, inanisema mimi. Akasema, "Ndicho nilichouliza."

Lakini Alhamisi ilikubali. Nilisimama mlangoni mwa kanisa na simu, na mama yako alinisikia na kuniona kutoka kitandani. Akasema, "Umekonda." Nikataka kuzunguka nyuma, makaburini, nimwonyeshe ulipolala. Akasema hapana. "Usinionyeshe tuta la udongo. Subiri Jumamosi." Nikarudi nyumbani natembea katikati ya njia, kifua mbele.

Dorcas kabla ya kuaga aliniachia agizo moja. Alisema cheti kina saa yake ya kuzaliwa na siku yake ya kufa, na kwamba kompyuta yako ni ya zamani, ikizimika kabisa inasahau saa na inarudi miaka ya nyuma huko. "Ukija kutengeneza cheti kingine, baba, weka saa kwanza. Cheti kitazaliwa saa ile utakayoandika." Nikalishika hilo agizo kama mtoto wa kipaimara.

Sasa sikiliza yaliyonipata.

Ijumaa jioni mvua ikaja na ule upepo wetu, umeme ukakatika, betri ya kompyuta yako haishiki chaji, ikafa. Mnara wa simu nao ukanyamaza, hakuna kupiga wala kupigiwa. Umeme ulirudi alfajiri. Nikawasha. Ruta iliporudi ikaipa kompyuta namba nyingine! Cheti kiliandikwa kwa namba ile ya Alhamisi, na yenyewe sasa ina namba mpya, kwa hiyo simu zote mbili zikakataa tena. Dorcas hapatikani. Petro angekuwa pale angelia. Mimi sikulia. Nilikumbuka ukibonyeza mshale wa juu yale maneno ya juzi yanarudi yenyewe, nikayarudisha, nikafuta namba ya zamani, nikaweka mpya. Nani mwingine katika tarafa hii angejua hilo? Nitajie mmoja.

Na kabla ya kubonyeza, nikakumbuka agizo. Nikaweka mwaka, nikaweka mwezi, siku. Nikatazama saa yangu ya ukutani. Unaijua, naipanga kama watu wanavyosema, mshale mfupi ukiwa kwenye moja ni saa moja, si ule utaratibu wa kuona saba useme moja. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nikaandika kumi na moja na nusu, asubuhi. Nikabonyeza. Cheti kikatoka.

Simu ikakataa. Safari hii haikusema habari za faragha. Ilisema saa yangu iko nyuma. Nikatazama simu, nikatazama ukutani, nikachungulia nje jogoo wanawika. Nyuma iko wapi? Nikafuta, nikarudia. Kikatoka kingine, kikakataliwa vilevile. Nikalazimisha kama mara ile ya kwanza, ukurasa ukafunguka, kamera ikawaka, na kile kiduara cha shetani kikaanza kuzunguka. Kwa mama yako nako hivyohivyo. Akaniuliza, "Itakubali?" Nikamwambia itakubali. Nikampa simu yake mkononi, kiduara kinazunguka, nikaenda kanisani na yangu.

Ibada ilikuwa ianze saa nne. Watu walikuwa wengi, ungefurahi, hata wale wa Manyoni wa upande wa mama yako walifika. Msalaba wako mweupe ulikuwa umelazwa kwenye majani. Nikasema hatuanzi. Nikasimama mbele ya kaburi na simu nimeifunga kwenye nondo, nabonyeza, nafungua, nafunga. Kwaya wakaimba nyimbo zote wanazozijua wakarudi mwanzo. Mchungaji akanijia taratibu. "Mzee Elia, nina ibada nyingine Ikungi. Msalaba tunausimika mbele za Mungu, si mbele ya simu."

Nikamwambia, "Mungu anaona bila simu, mchungaji. Mama Salome haoni."

Mchungaji akarudi akakaa. Lakini jua lilipozidi kupanda watu wakaanza kunung'unika, wazee wenzangu wakaanza kujikunja kwenye viti, na Petro, huyo Petro, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Kaka, redio zetu ulizitengeneza kwa kuzipiga makofi. Na hiyo ipige, labda itakuheshimu." Watu wakacheka, mama. Kwenye kaburi lako. Mimi niliyelenga antena, mimi mamlaka, nimesimama pale kama mtu aliyesahau njia ya nyumbani, na mama yako kule ameshika kiduara.

Ilikuwa inakaribia saa tano. Nikawaambia, "Anzeni."

Nikaichomeka ile nondo ardhini simu ikitazama kaburi, nikamwambia Petro asiiguse. Nikaanza kuondoka. Akanifuata mpaka kwenye mawe ya njia yetu. "Kaka, unakwenda wapi? Wakiita baba mzazi nitasema nini?" Nikamwambia, "Baba mzazi yuko na mama mzazi. Sema hivyo." Maana nilipiga hesabu yangu. Kama hawezi kuwa pale, basi sitakuwa pale bila yeye. Tulikuzaa wawili.

Mama yako aliponiona mlangoni alikasirika kuliko nilivyotegemea. "Umemwacha mtoto peke yake?" Nikamwambia hayuko peke yake, ana kijiji kizima. "Kijiji kimemzaa?" Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Tukawa tunatazama kiduara wote wawili. Nilimwambia mambo mabaya juu yako, Salome. Nilisema ulikuwa mvivu, mtu gani anamaliza kazi yote anaacha cheti. Nilisema kama ungekuwa umekitengeneza siku ile badala ya kusema kesho. Mama yako akaweka mkono wake kwenye mdomo wangu. Hivi tu. Mkono unanuka dawa ya kuchua.

Halafu tukasikia upepo.

Ulitoka kwenye simu yake. Nikadhani ni wa dirishani, kumbe ni ule wa makaburini. Halafu kwaya. Halafu picha ikaja, imepinda, maana nondo ilikuwa imelala upande, tukaona miguu ya watu, na sketi, na msalaba wako umesimama. Umesimama, mama, mweupe, jina lako limekaa sawa. Walikuwa wameshausimika bila sisi. Mama yako hakulia. Aliisogeza simu karibu na uso mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa kidole, akaisogeza tena.

Walikuwa kwenye mashada. Sauti ya Petro ikaita ndugu wa Manyoni, wakaja. Akaita wafanyakazi wenzako wa Dodoma, akaja Dorcas na wenzake, kumbe walikuwa njiani asubuhi yote, wamefika mimi nimeshaondoka. Halafu Petro akasema, taratibu sana, kama mtu anayetaka neno lipite bila kusikika, "Baba na mama wazazi."

Miguu ikahama kidogo.

Mama yako akabonyeza kitufe chako chekundu. "Tupo," akasema.

Miguu yote ile iligeuka. Mtu alipiga yowe, nadhani ni shangazi yako. Halafu tukaona magoti ya Petro yanakuja, akachuchumaa mbele ya simu, uso wake mkubwa ukajaa kioo chote, macho mekundu, shada letu mkononi. Petro yuleyule. "Shemeji," akasema, "niliweke upande gani?"

Mama yako akasema, "Kichwani. Miguuni hapendi kufunikwa."

Sijui kama ulikuwa unapenda au hupendi. Mimi ni baba yako na nilikuwa sijui hilo. Petro akaliweka kichwani.

Basi. Hiyo ndiyo habari. Lakini hasira yangu haijaisha, maana jioni ile Dorcas alipita kutusalimia kabla ya kurudi Dodoma, nikamweleza kwamba ile simu mwishowe ilinyoosha mikono, iliona mimi si mtu wa kuchezewa. Akaniomba kompyuta. Akatazama. Akaniuliza, "Baba, alfajiri uliweka saa ngapi?" Nikamwambia. Akatazama saa yangu ya ukutani, akaketi chini sakafuni, akacheka huku machozi yanamtoka, sijui ya kicheko au yako. Akasema kwa kompyuta kumi na moja na nusu asubuhi ni saa tano na nusu yetu. Kwamba alfajiri ile niliandika cheti cha mtoto ambaye hajazaliwa, na simu zilikuwa sahihi kukikataa, mpaka saa yake ya kuzaliwa ilipofika ukurasa ukaunganika wenyewe kwa sababu wewe uliuandikia usichoke kujaribu.

Nilimkatalia. Naendelea kukataa. Kompyuta ile uliiweka Kiswahili, kila neno lake Kiswahili, mpaka makosa inayataja kwa Kiswahili. Sasa kompyuta ya Kiswahili mtu mzima utaiwekea saa ya Kizungu kwa kosa gani? Kumi na moja ilikuwa kumi na moja, jogoo ni mashahidi. Aliyekosea ni huyo aliyeitengeneza akafundisha nusu ya lugha akaacha nusu. Dorcas akasema, "Sawa baba." Ile sawa ya watu wa ofisini.

Amenipangia ruta isiwe inabadilisha namba tena, na atatuma betri ndogo ya kuishikia kompyuta saa. Cheti kile ameniambia siku yake ya kufa, nimeiweka kichwani. Kabla haijafika nitatengeneza kingine mwenyewe. Jumapili hizi mbili mama yako amesali na watu wote, anaitikia Amina kabla kanisa halijaitikia, mchungaji analazimika kusubiri wengine wamfikie. Amenituma nimwambie mwalimu wa kwaya sauti ya pili imekwenda kombo. Nimemwambia. Hanisalimii sasa.

Haya, yale maneno mazuri. Nyumba haina mtu wa kunibishia. Mama yako ananishinda, hilo si kubishana. Wewe ulikuwa unanibishia kwa heshima, unasema "ndiyo baba" halafu unafanya unavyotaka, na mimi nilikuwa naamka na hamu ya hiyo. Sasa naamka nakaa tu. Nafungua kompyuta nione kama kuna kitu kimeharibika. Siku hizi hakiharibiki. Kinanikera.

Nilipokuwa namsimulia mama yako kilichotokea pale makaburini alinikatisha. Akasema kwenye simu alikuona vizuri, lakini kioo hakina baridi, anataka kuweka kiganja kwenye saruji ajue ina baridi kiasi gani. Sasa ameanza kukaa akiegemea mito, dakika chache, halafu jasho linamtoka. Daktari anasema akiendelea hivyo ataweza kukaa kwenye kiti cha magurudumu. Kiti kanisa lina kimoja. Shida ni njia. Unaijua njia yetu ya kwenda kanisani, ni mawe matupu, hata baiskeli inabebwa begani.

Nimeanza kuyaondoa, mama. Nimeanzia hapa mlangoni. Madogo nayatupa pembeni, makubwa nayachimbua kwa mtaimbo. Petro alikuja kuniambia nimepata wazimu, akasimama, akanitazama, halafu akavua shati akashika upande wa pili. Ni kazi ya muda mrefu na migongo yetu si ile. Lakini mama yako atakuja kwako amekaa kwenye kiti, nitakuwa nyuma namsukuma, na simu tutaiacha nyumbani.

Ulale, Salome. Tunakuja polepole.

Ni mimi baba yako,
Elia